Swali Nililolipeleka Wizarani

Jumapili, mchana

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, na zikukute mzima wewe, shemeji na watoto wote. Goti linaendeleaje? Shemeji ananiambia siku hizi unashona huku umenyoosha mguu juu ya kigoda na hutaki kusikia neno kupumzika. Na mama je, bado analalamika kwamba vidonge vya presha vinamkausha mdomo? Mwambie aache kuvificha chini ya godoro. Nilivikuta mara ya mwisho nilipomtandikia kitanda, nikanyamaza kwa kuogopa ugomvi, lakini nimeviona. Mimi kwa nje sijambo. Kwa ndani naogopa, dada, na ninaogopa kwa namna ambayo sijawahi kuogopa tangu nizaliwe.

Barua hii anakuletea shemeji mwenyewe akirudi na vipuri vya cherehani zako. Nimemwambia ndani mna vipimo vya gauni langu, tena vipimo vya mwanamke mtu mzima, kwa hiyo asithubutu kuchungulia. Aliona haya, maskini, akasema ataitia mfuko wa ndani wa koti na hataigusa mpaka afike kwako. Simu siiamini tena. Kila nikipiga nasikia mkwaruzo kwa mbali. Huenda ni simu tu imechakaa, lakini mtu mwenye hofu akisikia mkwaruzo haambiwi kitu akaelewa.

Najua unataka kujua jambo moja tu, Kitinda yuko wapi. Tangu jina la mdogo wetu lisomwe redioni umenipigia ukilia, nami nikakujibu sijui na kukukatia simu kama mtu asiye na adabu. Nisamehe. Kwamba alisimama kwenye ngazi za tangi la maji akawaambia watu wasilipie maji yasiyotoka, hilo ni kweli, wala yeye halikani. Unamjua, mwalimu wa hesabu hawezi kuona hesabu mbaya akapita. Lakini jengo la pampu lililochomwa kesho yake, na yule mlinzi aliyeungua mikono, hilo hakulifanya. Mimi nalijua kwa hakika, na namna ninavyolijua utaiona mbele. Nipe nafasi nianzie mbali kidogo, maana nikianzia mwisho utanichukia kabla hujanielewa.

Mama huwaambia majirani kwamba mimi natunga sheria za nchi. Nimechoka kumrekebisha. Idara yetu haitungi chochote, dada. Sisi ni mafundi kama wewe. Wizara inakuja na kitambaa na maneno mengi: tunataka hivi, tunataka vile, iwe ndefu lakini isiburure. Sisi tunapima, tunakata, tunaunga vifungu, kisha gauni linapelekwa bungeni kujaribishwa. Kama wewe usivyomuuliza mteja anakwenda wapi na gauni lako, nasi hatuiulizi wizara inakwenda wapi na sheria yake. Tunauliza tu mfuko ukae wapi. Hayo maswali yana waraka wake maalumu, na mwandishi mzuri kwetu hujulikana kwa maswali yake. Wewe ndiye uliyeniita Bi Maswali nikiwa sijaota hata meno ya mbele, basi fikiria nilivyofurahi kupata kazi ambayo kuuliza kunalipwa mshahara.

Ofisi yetu iko ghorofa ya juu kabisa, ambako lifti haifiki kwa sababu waliojenga walidhani juu kutakuwa na stoo. Kuna makabati ya chuma yanayolia ukiyafungua, na meza zimesogezwa katikati kwa sababu mvua ikinyesha kuta hulowa. Mezani kwangu nakaa na mzee mmoja tunamwita Nukta. Kwetu muswada haupelekwi popote mpaka usomwe kwa sauti na watu wawili, mmoja akisoma kila neno na kila alama, mwingine akifuatilia kwenye nakala ya pili. Nukta amesoma hivyo tangu sisi tuko shule, na sasa haachi. Mkewe analalamika kwamba mezani humwomba chumvi, mkato, tafadhali, nukta. Tulikuwa tukicheka mpaka Mkurugenzi anatoka ofisini kwake kuuliza kama tumelipwa posho.

Siku hizi hatucheki. Baada ya ile pampu kuchomwa, wizara ilileta maelekezo ya sheria mpya ya kulinda mitambo ya umma. Mkurugenzi aliniita, akanisukumia faili, akasema ni kazi ya haraka na kwamba amenichagua mimi kwa sababu siachi mwanya. Nikashukuru. Nikarudi mezani nikafungua, na ukurasa wa pili nikakuta kwamba yeyote atakayemhifadhi, kumlisha, kumficha au kumsafirisha mtu anayetafutwa kwa makosa hayo atafungwa jela kama aliyetenda kosa lenyewe. Nilijifanya natafuta kalamu chini ya meza ili Nukta asinione uso.

Sasa nikuambie kwa nini nilitafuta kalamu ambayo ilikuwa mkononi.

Kitinda yuko kwangu, dada. Yuko kwangu tangu jioni ile ile aliyoshuka kwenye ngazi za tangi. Alikuja akidhani atakaa mpaka watu watulie, tukala, akalala kwenye kile chumba cha nyuma ninachoweka mabegi, na pampu ilipochomwa kesho yake alikuwa jikoni kwangu akinifundisha kukata vitunguu, kana kwamba mimi ndiye kitinda mimba. Ndiyo maana najua. Mimi ndiye shahidi wake pekee, na ushahidi wangu hauna faida, kwa sababu nikisema alikuwa kwangu nitaulizwa sasa yuko wapi.

Hatembei na viatu ndani. Akikohoa anajifunika mto. Choo hamwagi maji mpaka nirudi kazini, ili jirani wa ukutani asisikie maji yakimwagika katika nyumba isiyo na mtu. Redio hawashi. Amekonda, ndevu zimemjaa, na bado anatania: anasema yeye ndiye mpangaji bora mjini kwa sababu hapigi kelele na haleti wageni. Nikicheka machozi yananitoka. Mtu akigonga mlango, hata kama ni muuza mayai, moyo unanipanda mpaka kooni na unakaa huko mpaka jioni.

Basi rudi nami ofisini. Sheria ya zamani, ambayo bado inatumika, inasema anayemficha mtu anayetafutwa ana kosa, isipokuwa awe mume, mke, mzazi, mtoto au ndugu yake wa kuzaliwa. Walioiandika zamani waliona kwamba huwezi kumfunga mama kwa kumfungulia mwanawe mlango. Mimi nilikuwa nikilala juu ya maneno hayo kama mto. Maelekezo mapya ya wizara hayakutaja ndugu popote. Hawakuwa wamewafikiria. Kama ningenyamaza, msamaha wa zamani ungebaki pale pale, ungeifunika na sheria mpya, na hakuna ambaye angekumbuka.

Lakini mimi sikuweza kukaa na neno labda. Kila nikifunga macho naona jaji asiyejulikana akisema msamaha ule hauihusu sheria hii. Nikataka uhakika. Nikataka maandishi yenye mhuri wa wizara yanayoniambia mimi, bila wao kujua wananiambia mimi, kwamba niko salama. Nikachukua waraka wa maswali nikaandika, kwa lugha yetu ya kiofisi, kama inakusudiwa kwamba ndugu wa karibu waendelee kusamehewa kama ilivyo sasa. Nilimpa Nukta ausome. Aliusoma kimya, jambo ambalo si kawaida yake, akaniambia swali lile halina haja, sheria ya zamani inatosha, nilitoe. Mimi nikambishia. Nikamwambia idara hii haijengwi na watu wanaonyamaza. Akasukuma miwani, akasema sawa.

Jibu lilikuja upesi kuliko jibu lolote nililowahi kupata kutoka wizarani. Walinishukuru kwa kuwakumbusha. Walisema ndugu wasisamehewe, na kwamba ndugu ndio hasa wanaowaficha watu hawa, kwa hiyo kifungu kiwataje waziwazi ili mtu asije akadai hakujua. Mkurugenzi aliusoma waraka wangu mbele ya ofisi nzima kama mfano wa swali zuri.

Nimejipalia makaa mwenyewe, dada. Mlango ule ulikuwa wazi, na hakuna aliyekuwa akiuangalia, nami nikaenda kumwita mwenye kufuli.

Nikakiandika kifungu. Ungefanya nini? Ningekataa, wangeuliza kwa nini. Ningekiandika vibaya, Nukta angekiona, na kama asingekiona yeye basi Mkurugenzi. Nikakiandika vizuri. Nimekipekua kila upande nikitafuta pa kumpitishia mtu mmoja mwembamba mwenye ndevu, na hapapitiki. Mkurugenzi hakukosea kusema siachi mwanya.

Alhamisi tuliusoma kwa sauti. Nilikuwa msomaji mimi, Nukta akifuatilia. Nilikwenda vizuri mpaka kwenye maneno kaka au dada wa kuzaliwa, hapo sauti ikakatika. Nikarudia, ikakatika tena. Nukta hakuinua kichwa. Alisoma yeye badala yangu, pamoja na mkato na nukta zake, taratibu, kisha akasema tupumzike kidogo. Tulipokuwa tumesimama dirishani akaniambia, akiangalia nje, kwamba ameona siku hizi nanunua mikate miwili. Nilimwambia mmoja ni wa ndege wanaotua kibarazani. Akasema ndege ni viumbe wa Mungu. Akaongeza kwamba duka la mkate lililo karibu na ofisi lina macho mengi, na kwamba yeye huona heri kununua mbali. Mpaka sasa sijui kama alinionya kwa wema au ananichunguza. Nimekaa meza moja na mtu yule miaka yote hii, nacheka naye kila siku, na sasa akisukuma miwani tu natetemeka. Mikate nimeacha kuinunua pale. Sasa nawaza kwamba kuacha ghafla nako kumeonekana.

Muswada unaingia bungeni wiki hii, na wanajua watakavyoupitisha. Utaanza kutumika siku utakapotangazwa kwenye gazeti la serikali.

Kitinda aliniuliza ninaandika nini kinachoniamsha nikiweweseka, nikaona hakuna haja ya kumficha mtu ninayemficha. Nilimsomea muswada wote, hapa mezani, leo asubuhi. Alisikiliza kama anavyosikiliza mwanafunzi anayeeleza hesabu ubaoni, bila kukatiza. Nilipofika kwenye kifungu cha ndugu akatabasamu akasema mwandishi wake ana mkono mzuri. Sikuweza kumwambia kuhusu swali. Nimekuambia wewe, yeye sijamwambia.

Lakini hakuishia hapo. Kuna kifungu cha mwisho, kifupi, ambacho nilikipita haraka, na yeye akaniomba nikirudie. Kinasema anayemficha mtu akijitokeza kutoa taarifa ndani ya siku saba tangu sheria kuanza, hatashitakiwa. Kitinda akaniambia basi mambo yamekwisha. Sheria ikianza, mimi niende kituoni siku ya kwanza, niseme yuko nyumbani, na yeye atakaa sebuleni amevaa viatu akiwasubiri. Aliisema hivyo hivyo kwa wepesi, kama mtu anayepanga nani atangulie kuoga. Akasema mmoja kufungwa ni nafuu kuliko wawili, na kwamba hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza. Nikamkemea. Nikamwambia akirudia neno hilo nitampiga kofi kama alipokuwa mdogo. Akainuka akaenda kuosha vyombo, na yuko huko sasa, amefungua bomba nusu, maji yanatoka kama uzi ili yasisikike.

Sasa, dada, vuta kigoda ukae vizuri, maana sikukuandikia ili kukupa habari tu.

Nilipomkemea nilikuwa mkweli, lakini si kweli yote. Kifungu kile cha siku saba hakikutoka wizarani. Nilikipendekeza mimi, kwenye waraka mwingine wa maswali, baada ya jibu lile. Nilijiambia nawafikiria akina mama wa nchi nzima watakaoamka asubuhi moja na kujikuta wahalifu. Niliwafikiria, sikatai. Lakini nilipokuwa naandika siku saba, aliyekuwa akitetemeka kwenye kiti si mama wa mtu, ni mimi. Nilikuwa najifungulia mlango wa kutokea, na mlango huo unapita juu ya Kitinda. Nimekuwa nikiamka na kuuangalia. Naogopa polisi, namwogopa Nukta, naogopa muuza mayai, lakini ninayemwogopa zaidi ya wote ni mimi mwenyewe siku ya sita.

Ndiyo maana nakuandikia. Nataka mtu mmoja duniani ajue kwamba nilikuwa na Kitinda, na kwamba kifungu kile ni cha mkono wangu. Ukija kusikia amekamatwa nyumbani kwangu na mimi niko nje natembea, nitakupigia simu nikilia, nitakuambia jirani ametuchongea, nitakuambia Nukta. Usiniamini. Mlango wako nifungie. Nikijua kwamba wewe unajua, nadhani sitaweza kwenda.

Usiogope kwamba nimekutia hatarini. Muswada unasema kuhifadhi, kulisha, kuficha na kusafirisha. Kujua tu hakumo. Niliona Alhamisi, Nukta akisoma, kwamba wizara imesahau kabisa mtu anayejua asiseme, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye waraka wa maswali, kwa mazoea. Nukta akanisubiri. Nikamwambia sina swali.

Barua hii ichome ukimaliza. Mama usimwambie alipo mwanawe, mwambie tu kwamba umesikia kwa mtu kuwa Kitinda anakula na analala, labda atatulia avimeze vidonge vyake. Wabusu watoto, mmoja mmoja, na yule mtundu umfinye kidogo kwa niaba yangu. Goti lipumzishe. Nikumbuke kwenye sala zako wiki hii na ile inayofuata, hasa ile inayofuata.

Ni mimi mdogo wako,
Bi Maswali

Nimeongeza: Kitinda amemaliza vyombo, amesimama mlangoni anafuta mikono. Anadhani nakuandikia vipimo vya gauni. Anakusalimu sana, na anasema nikuambie upunguze kiunoni, kwa kuwa tangu ahamie kwangu nimekonda.